Bunge la Minnesota likiahirishwa, muswada wetu umekufa au umelala?

Swali la msomaji: "Shikamoo mzee. Mimi ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee, naishi Brooklyn Park, Minnesota. Tangu majira ya baridi tulikuwa tunakwenda Saint Paul kuunga mkono muswada unaogusa kazi yetu. Ulipita kwenye kamati, ukaingia kwenye orodha ya kupigiwa kura ukumbini, ukakwama hapo. Mwaka 2024 tuliambiwa mwisho wa kupitisha miswada ni Jumapili saa sita usiku. Mwaka huu wa 2025 Jumapili ikapita, wao wakaendelea Jumatatu. Jumatatu usiku wakaahirisha, halafu Juni wakaitwa tena, na muswada wetu hata hakuna aliyeutaja. Wenzangu wanasema umekufa. Mmoja anasema umelala tu. Kwani Bunge likiahirishwa, linaahirisha nini hasa?"

Marahaba, mwanangu. Huyo mmoja anayesema umelala ndiye aliye sahihi, na kabla sijamaliza nitakuonyesha mahali ulipolala. Ila hilo swali lako la mwisho ndilo lililonifanya niandike kirefu. Neno "kuahirisha" katika Bunge la jimbo hili lina sura nne, na usipojua ni ipi iliyotumika usiku ule, utazika muswada ambao bado unapumua, au utakesha na ambao umeshapoa.

Sisi tuliokulia na redio ya Bunge la Dodoma tuna picha moja kichwani. Waziri Mkuu anasoma hotuba ndefu ya kuahirisha mkutano, Spika anataja tarehe ya kurudi, siwa inatolewa ukumbini, waheshimiwa wanapakia mabegi. Serikali imo humo humo ndani, kwa hiyo kufunga na kufungua ni mambo yanayopangwa nyumba moja. Minnesota si hivyo. Gavana hana kiti ukumbini, hana mawaziri wabunge, na hawezi kutoa hoja ya kuahirisha hata kama usingizi umemshika. Wanaoahirisha ni wawakilishi 134 wa Baraza la Wawakilishi na maseneta 67, kila nyumba kwa kura zake. Anayewabana ni Katiba ya jimbo, iliyosimama mlangoni na saa mkononi.

Sura ya kwanza ya kuahirisha si kuahirisha kabisa, ni mapumziko. Nyundo inagongwa, watu wanatawanyika, lakini kikao bado ni kile kile. Mara nyingi hayana hata saa ya kurudi. Husemwa tu "mpaka Spika atakapoita". Mwaka wangu wa kwanza kufuatilia mambo haya nilisikia nyundo nikiwa kwenye roshani ya wageni, nikavaa koti, nikaenda zangu kupanda basi. Kesho yake nikaambiwa walirudi baada ya saa moja na nusu wakapitisha kile kilichonipeleka. Tangu siku hiyo sitoki mpaka nisikie neno lenyewe, na mpaka nione makarani wanakusanya karatasi zao.

Ya pili ni kuahirisha kwa kawaida, kwa kesho au keshokutwa. Hapo kuna kitu kidogo ambacho mgeni hukipita bila kukiona. Kiongozi hutoa hoja mbili mfululizo, na ukisikiliza haraka utadhani amejirudia. Ya kwanza inasema: Baraza litakapoahirisha leo, liahirishe hadi Jumatatu saa tisa na nusu alasiri, mathalani. Wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, walioafiki wameshinda. Ndipo inakuja ya pili, fupi kama kikohozi: Baraza liahirishe. Ile ya kwanza imeweka saa ya kurudi, na hii ya pili ndiyo inayofunga mlango. Kati ya hizo mbili kazi inaweza kuendelea, na mtu mjanja anaweza kupenyeza jambo.

Hoja ya kuahirisha ina heshima kuliko karibu hoja zote. Katika mwongozo wa Mason, ambao nyumba zote mbili za Minnesota huutegemea pale kanuni zao zinaponyamaza, hoja hii haijadiliwi. Husimami kueleza kwa nini watu wakalale. Inapigiwa kura papo hapo, na wingi wa kawaida wa wanaopiga kura unatosha. Makatazo ni machache: huwezi kumkatiza anayezungumza ili uitoe, huwezi kuitoa kura ikiwa inaendelea, na ikishindwa huwezi kuirudia mara moja kama mtoto anayeomba pipi, lazima jambo jingine lifanyike kwanza. Sasa pima hilo na muswada. Ili muswada upite katika Baraza la Wawakilishi, Katiba inataka wingi wa wawakilishi wote waliochaguliwa, yaani kura 68, hata kama ukumbini wamekaa watu 80. Kuahirisha kunahitaji tu kuwazidi waliomo. Kwa maneno mengine, kwenda nyumbani ni rahisi kuliko kutunga sheria, na hili si bahati mbaya ya kanuni. Mabunge mengi yamejengwa hivyo, kwa kuwa kundi lisilotaka tena kukaa pamoja halina faida ya kufungiwa.

Kuna pia kamba inayozifunga nyumba hizi mbili pamoja: hakuna hata moja inayoruhusiwa kuahirisha kwa zaidi ya siku tatu, Jumapili zikiwa nje ya hesabu, bila ridhaa ya nyenzake. Wala haiwezi kuhamia mahali pengine. Kanuni hii imo pia katika Katiba ya Marekani, na sababu yake ni ya kibinadamu kabisa: Seneti ikitoweka kwa mwezi, Baraza linabaki linazungumza na kuta.

Sasa twende kwenye Jumapili yako na Jumatatu yako, maana hapo ndipo wengi wanapotea, wakiwemo baadhi ya watu wanaolipwa kufuatilia mambo haya.

Katiba ya Minnesota inasema Bunge haliwezi kukutana katika kikao cha kawaida baada ya Jumatatu ya kwanza inayofuata Jumamosi ya tatu ya Mei. Fungua kalenda ya 2025: Jumamosi ya tatu ya Mei ni tarehe 17, kwa hiyo Jumatatu yake ni tarehe 19. Huo ndio ukuta. Lakini kuna kifungu kingine, cha 21 katika ibara ya 4, kinachosema hakuna muswada utakaopitishwa na nyumba yoyote siku iliyowekwa ya kuahirisha. Wanaweza kusafisha nakala, kupeleka karatasi upande wa pili au kwa gavana, lakini kupitisha muswada, hapana. Ukisoma vifungu hivyo viwili pamoja unapata lile mliloambiwa 2024: Jumatatu ni siku ya kufunga, basi kura ya mwisho ni Jumapili kabla ya saa sita usiku.

Tatizo ni kwamba Bunge la Minnesota huhesabu maisha yake kwa miaka miwili miwili. Mwaka wa witiri, kama 2025, ni nusu ya kwanza tu. Ile Jumatatu ya Mei ya mwaka wa witiri Bunge haliagani, linaahirisha hadi tarehe fulani ya mwaka unaofuata. Hii ndiyo sura ya tatu. Kwa hiyo kifungu cha 21 hakiwashiki, nao hupiga kura mpaka Jumatatu usiku. Mwaka wa shufwa, kama 2024 au 2026, ndiyo nusu ya mwisho, na hapo huja sura ya nne: kuahirisha bila kutaja siku ya kurudi. Wenyewe hutumia Kilatini, sine die, na kila mmoja hulitamka anavyojua. Huko ndiko kufunga kwa kweli, na kifungu cha 21 hushika kwa meno. Kwa hiyo mliambiwa ukweli 2024, na mlichokiona 2025 nacho kilikuwa halali. Mwaka wa witiri ni Jumatatu, mwaka wa shufwa ni Jumapili.

Nadhani walioandika kifungu cha 21 walitaka kuzuia haraka ya siku ya mwisho. Kilichotokea ni kwamba haraka ilihama ikaenda siku iliyotangulia. Jumapili ya 19 Mei 2024, muswada mmoja wenye kurasa zaidi ya 1,400, uliokusanya kodi, usafiri, afya na mengine tele, ulipitishwa na nyumba zote mbili katika saa ya mwisho huku walio wachache wakipiga kelele kwamba hawakupewa nafasi ya kusema. Na muswada wa mikopo ya ujenzi wa barabara, mabomba ya maji na majengo ya umma haukupata njia mwaka ule. Nikiwa mkweli, sijui mtu anayesoma kurasa 1,400 kwa usiku mmoja, awe wa chama gani.

Utauliza: mbona wasiendelee tu mpaka alfajiri? Sheria ya Minnesota ina kitu kinachoitwa siku ya kutunga sheria, na siku hiyo huanza saa moja asubuhi na kuisha saa moja asubuhi ya siku inayofuata. Ndiyo maana katikati ya kikao utaona wanajadili saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa, na kumbukumbu zinaandika Alhamisi. Wana siku 120 za namna hiyo kwa miaka miwili, na wanazitunza kama mtu anayetunza mkaa wakati wa mvua. Kamati zikikaa bila nyumba yoyote kuitisha kikao ukumbini, siku haihesabiwi. Lakini ule ukuta wa Mei unapimwa kwa kalenda ya kawaida, ya ukutani kwako. Saa ikigonga sita usiku, hakuna hila ya saa moja asubuhi. Katika majimbo mengine zamani walifunika saa kwa kitambaa au kuisimamisha, wakajifanya usiku haujafika. Siku hizi kila mtu ana simu mfukoni na kamera inarusha moja kwa moja.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa Jumapili ya 22 Mei 2016, nao ningependa uuelewe vizuri kwa kuwa unaonyesha hoja ya kuahirisha ikifanya kazi kama kisu. Kulikuwa na muswada wa karibu dola bilioni moja wa ujenzi na usafiri. Baraza la Wawakilishi liliupitisha dakika za mwisho na kuupeleka Seneti. Seneti ikaongeza kipengele cha kuruhusu fedha za reli nyepesi ya kusini-magharibi, kuelekea Eden Prairie, ikaupitisha ukiwa umebadilika. Muswada uliobadilishwa upande mmoja lazima urudi upande wa pili ukubaliwe vile vile ulivyo. Ukarudi, lakini haukukuta mtu. Baraza lilikuwa limeshaahirisha bila kutaja siku, taa za ubao wa kura zimezimwa. Kila upande ulimlaumu mwenzake, lakini kwa kanuni hakukuwa na la kufanya. Seneti haina mamlaka ya kuliita Baraza lirudi. Ile kamba ya siku tatu nayo haikusaidia kitu, kwa kuwa Jumatatu iliyobaki haikuwa siku ya kupitisha muswada. Fedha zote hizo zikaishia kwenye korido, kati ya milango miwili.

Ukitaka kujua kama muswada wako uko salama usiku wa mwisho, usiulize tu kama umepita. Uliza kama umepita pande zote mbili kwa maneno yale yale.

Nje ya zile sura nne kuna namna moja zaidi ya kuahirisha, ambayo mwaka 2025 iliwashangaza wengi, hasa kwetu Brooklyn Park ambako watu walikuwa wamekaa mbele ya televisheni kumwona Huldah Momanyi-Hiltsley, mzaliwa wa Kenya aliyechaguliwa Novemba 2024. Uchaguzi ule ulitoa wawakilishi 67 kwa 67. Kisha kiti kimoja cha DFL, ndio Democratic wa huku, kikabatilishwa mahakamani kwa suala la makazi ya mgombea. Tarehe 14 Januari 2025 Bunge lilipofunguliwa, Republican 67 waliingia ukumbini na DFL hawakuja. Waziri wa mambo ya jimbo, Steve Simon, ambaye kisheria ndiye husimamia ufunguzi mpaka Spika apatikane, alihesabu watu 67, akasema akidi ni 68, akaahirisha, akaondoka kwenye kiti. Waliobaki wakaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, wakamchagua Spika.

Mahakama ya Juu ya Minnesota ilitoa uamuzi tarehe 24 Januari: akidi ni 68, kwa kuwa nusu na zaidi inahesabiwa kwa viti vyote 134, vikiwa na watu au vikiwa wazi. Na Katiba inasema wachache wasiofika akidi wana uwezo wa mambo mawili tu: kuahirisha siku hadi siku, na kuwalazimisha waliokosekana waje. Hawawezi kumchagua Spika, wala kupanga kamati. Basi kilichofuata kwa siku kadhaa ni kikao cha kufungua na kufunga, kufungua na kufunga, mpaka vyama vilipoelewana mwanzoni mwa Februari. Kuahirisha kwa kukosa akidi hakuui chochote. Hakuna kinachoendelea, basi. Wakenya watashangaa kidogo: Bunge lao la Taifa linaendesha shughuli kwa akidi ya wabunge 50 kati ya wote wale. Na jamaa wa Dallas na Houston watasema 68 ni rahisi, kwa sababu Texas inataka theluthi mbili, wawakilishi 100 kati ya 150. Ndiyo maana Agosti 2025 wawakilishi wa Democratic wa Texas walipopanda ndege kwenda Illinois, ukumbi wa Austin, mji mkuu wao, ukabaki hauna la kufanya ila kuahirisha na kuagiza wakamatwe.

Texas inanipeleka kwenye kikao chenu cha Juni. Huko Austin gavana akiita kikao maalumu, ndiye anayeorodhesha mada, na muda hauzidi siku 30. Kile cha kwanza kiliahirishwa tarehe 15 Agosti bila kutaja siku, na siku hiyo hiyo gavana akaita kingine. Minnesota gavana anashika ufunguo wa kufungulia tu. Akishaita, Bunge linajadili linachotaka na kuahirisha linapotaka. Kwa sababu hiyo magavana wa huku hawaiti mpaka viongozi wa vyama wakubaliane kwanza nini kitapitishwa na watafunga lini. Makubaliano hayo si sheria, lakini asiyeyaheshimu hataaminiwa tena. Tarehe 9 Juni 2025 waliitwa kwa sababu bajeti haikukamilika Mei, na mwaka wa fedha ulikuwa unaanza tarehe 1 Julai. Hakuna aliyetaka kurudia Julai 2011, serikali ya jimbo ilipofungwa siku 20 kwa kukosa bajeti.

Kikao maalumu kina rejesta yake. Miswada ya kikao cha kawaida haiingii humo na namba zake za zamani. Inawasilishwa upya, inapewa namba mpya. Wenu haukuwa kwenye orodha ya viongozi, kwa hiyo haukuwasilishwa. Kutotajwa Juni hakuna maana kwamba umekufa Mei.

Umelala wapi basi? Baraza la Wawakilishi linapoahirisha mwaka wa witiri hadi mwaka unaofuata, miswada iliyokuwa inasubiri kura ukumbini hairukii moja kwa moja ukumbini mwaka wa pili. Inarudishwa kwenye kamati iliyoshughulika nayo mwisho. Namba yake ni ile ile, maandishi ni yale yale, lakini imeshuka ngazi moja. Hili ndilo linalowaumiza wengi: wanakuja Februari wakidhani wataendelea walipoachia, kumbe muswada uko chini unasubiri mtu aombe usikilizwe tena. Na kwa kuwa viti bado ni 67 kwa 67, karibu kamati zote zina wenyeviti wawili, mmoja kila chama. Ongeeni na wote wawili, na muwaone kabla ya Krismasi wakati simu zao bado zinapokelewa. Muulizeni pia seneta aliyeubeba upande wa pili ule muswada pacha, yaani nakala ya wenu iliyoko Seneti, uko katika hali gani, nisije nikasikia mnaililia korido ya 2016.

Kikao kinafunguliwa tena tarehe 17 Februari 2026. Huo ni mwaka wa shufwa. Jumamosi ya tatu ya Mei itakuwa tarehe 16, Jumatatu ya kufunga ni 18, na kwa kifungu cha 21 kura ya mwisho ni Jumapili ya tarehe 17 kabla ya saa sita usiku. Safari hii wakiahirisha bila kutaja siku, kila muswada ambao haujapita unakufa kweli, na Januari 2027 mtaanza na karatasi mpya yenye namba mpya. Hata ukipita, utaangaliwa upya kwa gavana. Katikati ya kikao ana siku tatu, na akikaa kimya muswada unakuwa sheria. Uliopita siku tatu za mwisho ana siku 14 baada ya Bunge kufunga, na hapo akikaa kimya unafia mfukoni mwake, bila barua wala maelezo.

Jumapili hiyo ukija Saint Paul nitakuwa roshani ya upande wa Baraza. Beba chai kwenye chupa, vaa viatu vya kukaa navyo, na ukisikia nyundo usisimame mpaka nikwambie.